Ngoma ya Mama na Damu ya Kwenye Runinga

Nyumbani kwa kina Zipora, pale Ihumwa, ngoma ilitangulia uji. Mama yake, Evodia, alikuwa mpigaji hodari wa muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo inayobanwa katikati ya magoti. Kila asubuhi, akingoja maji yachemke, aligeuza ndoo tupu akaipiga. Zipora alifagia uwanja kwa mdundo huo, akaosha vyombo kwa mdundo huo, na mara nyingine alichelewa shule kwa mdundo huohuo.

Mwaka alioingia darasa la saba, ndoo ilianza kunyamaza. Mama alichoka upesi. Akirudi na maji kutoka bombani alisimama njiani kuhema, moyo ukimwenda mbio. Viganja vyake vilipauka, na alizidi kutafuna ule udongo unaouzwa sokoni. Zipora aliingiwa na hofu. Kikundi cha mama kilikuwa kimealikwa kupiga ngoma kwenye mahafali yake, na kwake mahafali bila ngoma ya mama hayakuwa mahafali.

Siku moja alirudi kutoka sokoni mbio. "Mama! Kuna mtaalamu amefungua chumba karibu na soko. Anakutoboa kidole tu, halafu unaiona damu yako kwenye runinga, iko hai, inatembea!"

Wakaenda. Mtaalamu huyo, Anthony, alivaa koti jeupe, na maneno yake yalikuwa matamu kuliko zabibu. "Mbukwa, mama!" alimsalimu Evodia kwa Kigogo, naye akajiona yuko kwao. Tone la damu likawekwa kwenye kioo chini ya hadubini. Runinga ikajaa viduara vilivyoelea na kulaliana kama sahani kabatini.

"Unaona zinavyoshikana?" Anthony alisema kwa masikitiko. "Hiyo ni sumu. Damu imechafuka. Utakunywa unga wangu wa majani, na uache nyama, maharage na mboga za kijani mpaka isafike."

"Na mimi je?" Zipora aliuliza, kidole kiko tayari. Naye akatobolewa, naye akakutwa na sumu. Ajabu ni kwamba alifurahi, maana si kila mtoto wa Ihumwa amewahi kuonyeshwa kwenye runinga.

Mama alifuata masharti yote. Alikula ugali wa uwele kwa chumvi, akanywa ule unga mchungu bila kulalamika. Lakini badala ya kupata nguvu alizidi kunyong'onyea, hadi siku moja ya mazoezi akaiweka ngoma chini katikati ya wimbo.

"Mtafuteni mwingine," aliwaambia wenzake kwa sauti ndogo.

Zipora alikwenda kulia nyuma ya zizi. Huko akawasikia baba yake, Matonya, na jirani yao Batholomeo wakibishana. Ng'ombe aitwaye Kahawia alikuwa na homa.

"Mchome sindano leo hii, Baba Zipora," Batholomeo alihimiza.

"Ng'ombe wangu simchomi kwa kubahatisha," baba alijibu. Ihumwa nzima waliujua ugumu wake huo, na walimtania kwa ajili yake. "Bwana mifugo amechukua damu, imepelekwa maabara kule Mpwapwa. Inaweza kuwa ndigana, ile homa ya kupe, inaweza kuwa kitu kingine. Nasubiri majibu."

Zipora alifuta machozi. Alikumbuka foleni ya kwa Anthony. Kulikuwa na mzee wa mgongo, kijana wa kikohozi na dada wa vidonda vya tumbo, na wote walikutwa na sumu, wote wakatoka na unga uleule. Akajitokeza.

"Shikamoo, baba mdogo," alimwamkia Batholomeo, kisha akamgeukia baba yake. "Baba, samahani. Kahawia amepimwa maabara. Mama je?"

Baba alimgeukia binti yake. "Si alipimwa pale sokoni?"

"Aliangaliwa, baba. Hata mimi niliangaliwa, na nina sumu kama yeye. Sasa mbona mimi sihemi?"

Batholomeo alicheka mpaka akashikilia boma la zizi. Baba hakucheka. Aliona haya kwelikweli. "Mganga hajigangi," alisema taratibu. "Kesho asubuhi twende kituo cha afya."

Huko, mtaalamu wa maabara aliyeitwa Stanley alichukua damu ya mama mkononi, akaiweka kwenye mashine. Alipima pia malaria na choo. Majibu yalipotoka alimwita mama na kumweleza bila kumtisha.

"Wingi wa damu yako ni saba, mama. Inatakiwa isipungue kumi na mbili. Malaria huna, ila una minyoo ya safura. Hao ndio wanaokunyonya damu."

"Kwa hiyo ile runinga ilidanganya?" Zipora aliuliza.

"Picha ilikuwa ya kweli," Stanley alisema. "Damu ikikaa kwenye kioo, chembe zake zinaweza kulaliana zenyewe, hata zangu. Uongo ulikuwa kuziita sumu. Sisi pia tuna hadubini, njoo uchungulie. Lakini hapa tunahesabu, tunalinganisha na kiwango kinachojulikana, na mwenzangu akirudia vizuri hapati jibu lililo mbali na langu."

Daktari alimpa mama dawa ya minyoo na vidonge vya madini ya chuma. Akamkataza udongo, akamsisitizia kuvaa viatu shambani, maana minyoo hiyo hupenyea kwenye ngozi ya miguu. "Na vile vyakula ulivyokatazwa," aliongeza, "ndivyo hasa unavyovihitaji."

Wiki zikapita. Kahawia alipata dawa iliyomfaa, akapona. Mama alirudi kupimwa, na damu ilikuwa imepanda. Lakini Zipora alikuwa ameshajua, kwa sababu asubuhi ile aliamshwa na ndoo.

Siku ya mahafali, Matonya alisimama kutoa shukrani za wazazi.

"Watoto wetu," alisema, "macho yanaona, lakini hayapimi. Ukiugua, usimfuate mwenye picha nzuri. Mfuate anayepima, anayekueleza alichokipata, na atakayekupima tena ajue kama umepona. Mimi nililijua hilo kwa ng'ombe, nikalisahau kwa mke wangu. Aliyenikumbusha ni binti huyu."

Alitaka kuendelea, maana Matonya akishika kipaza sauti haachii kirahisi. Lakini mama alikuwa ameshaibana ngoma magotini. Mdundo ukaanza, vigelegele vikapaa, na hotuba ikaishia hapo.