Matope mu Mwezi wa Saba

Mu Lubumbashi, mwezi wa saba, matope haiko. Iko vumbi, iko baridi ya asubui, iko batu banakohoa. Mvula ilishaenda zamani na haitarudia mpaka Oktoba. Mutu akikuonyesha matope Julai, usimuulize inatoka wapi. Muulize nani alikanyaga.

Ba Mulenga alikuwa anafagia mbele ya mulango ya mutoto wake Ngosa, kule Bel-Air, njo akaiona. Matope nyeusi. Udongo ya kwetu ni nyekundu, hata ukifua nguo namna gani inabakia. Ile ilikuwa nyeusi kama masizi ya sufuria, na mayi ilikuwa ingali ndani, na mu kati mulikuwa alama ya muguu ya mutu, muguu bila kiatu. Bidole bilikuwa binaangalia mu nyumba. Juu yake jani moja ilibandika. Ba Mulenga alilimaka maisha yote, anajua majani ya musuku, ya avoka, ya miti yote ya pori. Ile jani hakuijua.

Akaifagia mbio-mbio. Lakini Chama alishafika nyuma yake.

"Mama, unaficha nini?"

"Uchafu."

"Uchafu ya mayi? Mwezi huu? Robine ya mayi yenyewe inakauka, weye unapata matope wapi?"

Chama ni yaya, dada mukubwa wa Ngosa. Anauzishaka samaki ya mikebuka ku soko, na kinywa yake ilizoea kushinda makelele ya soko. Ile asubui akashusha sauti.

"Nilibaambiaka. Yule muzungu alikuya na jini mu valize ya safari."

Yule muzungu jina yake Sabira, bibi ya Ngosa. Alitoka Ulaya, inchi inaitwa Bosnia, akakuya kupima majiwe mu laboratware ya mine, kampuni ya kuchimba. Ngosa njo alikuwa anaendesha motokari yao. Siku moja motokari ikaharibika ku njia ya Kasenga, mu Ramazani, na Sabira ni muislamu. Ngosa alikuwa na muhogo ya kuchoma na karanga, akamupatia. Mwanamuke akasema asante, nitakula jua ikishuka. Ngosa akarudisha karanga mu mufuko, akaikala mu majani, akangoya jua pamoja naye, na njala yake yote. Njo pale ilianzia. Batu banauliza namna gani mutu mweusi na mutu mweupe ba myaka yao balipendana, bakiwa na mvi ku kichwa bote babili. Jibu ni ile karanga.

Familia iligombana sana. Kwa kumaliza, bakamuuliza Ngosa ulizo moja tu, kwa sababu alikuwa mufwiwa, bibi yake wa kwanza alikufa: balikutosha lufu?

Kwetu, mutu akifiwa na bwana ao na bibi, lufu, kifo ya mufu, inabakia ku mwili yake kama moshi mu nguo. Asioe, asiolewe, mpaka familia ya mufu ikuye yenyewe, imupake mupemba, udongo nyeupe, ku uso, imufunge ushanga mweupe ku mukono, iseme: tunakuachilia; njo kumutosha lufu. Ukioa mbele ya pale, mufu atakuya kutafuta nafasi yake mu kitanda, na mwenye atamukuta pale njo atakufa.

Ngosa alishatoshwa muzuri. Bakwe yake balitoka Kasenga na muzee Symphorien, mukubwa wa familia ya mufu, bakamaliza kila kintu. Basi ndoa ikapita.

Bakauliza mwanaume. Mwanamuke, hakuna mwenye alimuuliza. Alisema mwenyewe kama yeye ni mujane, bwana yake alikufa mu vita ya kwabo. Bakamupa pole, bakamupa fanta. Mu kichwa ya kila mutu mulikuwa neno moja: lufu haikamatake muzungu.

Kisha matope ikaanza kuingia. Kwanza ku mulango, kisha mu saloni, kisha mu koridoo, mbele kabisa ya chumba ya kulala. Harufu ikakuya nayo: harufu ya majani yenye kuoza mu musitu wa baridi, na inje jua kali, vumbi inaruka. Ngosa, mwanaume wa kubeba mufuko ya makala na mukono moja, akaanza kukonda. Munganga ya hopitali akapima damu, akapima mapafu, hakuona kintu. Kila wakati Ngosa alikuwa anaomba mayi ya kunywa, kama mutu mwenye anatoka safari ya mbali. Siku moja muchana alilala kidogo ku kiti. Ba Mulenga akamufunika blanketi, akagusa miguu yake. Ilikuwa baridi na ilikuwa inalowana, na chini ya makucha mulikuwa matope nyeusi.

Yule mwanaume hakutoka ku kile kiti tangu asubui.

Saa sita ya siku yenye ilifwata, ba Mulenga na Sabira balikuwa ku mbabula, jiko ya makala, banapika. Kuran ya umeme ikakatika. Radio ya jirani ikanyamaza, kinu ya kusaga ikanyamaza, Bel-Air yote ikabakia kimya. Njo bakasikia. Mu koridoo, pa simenti yenye ba Mulenga alipangusa asubui, mutu alikuwa anatembea juu ya majani ya kukauka. Cha. Cha. Anangoya. Cha.

Mwiko ya Sabira ikasimama mu bukari, ugali ya kwetu.

"Mama, unasikia?"

"Panya," ba Mulenga akasema.

"Si panya. Sikia muzuri. Muguu ya kuume inakuya nyuma. Anachechemea." Sabira alikuwa anasema chini-chini, macho ku moto. "Alivunjikaka akiwa mutoto, ku mupira. Ni Ramo. Ni bwana yangu."

Ba Mulenga akashika mukono yake. "Sema yote, mutoto wangu. Polepole."

"Siku yenye baaskari balikamata muji yetu, banaume balikimbilia mu musitu. Ramo, baba yake, ndugu zake. Biatu yake alipatia mudogo wake, akaenda miguu tupu. Akaniambia, tangulia na bamama, miye nitakufwata. Balibaua bote, mama. Bengine tulipataka mifupa. Ya Ramo, hapana."

"Nani alibaua?"

"Batu benye tulisoma nabo. Jirani njo alionyesha nyumba yetu."

"Mulibakosea nini?"

"Majina. Majina yetu tu. Balitaka tuishe, hata moja asibakie."

Chama alikuwa nyuma ya mulango na kikapo ya samaki ku kichwa. Alisikia yote. Akauliza tu: "Bazungu? Bo kwa bo?"

"Bajirani, yaya," Sabira akasema.

"Sasa mbona anafika leo? Vita yenu ilishaisha tangu zamani."

"Nilihama inchi na inchi. Alisema atanifwata." Akafuta uso na kitenge. "Yeye hakuwa na ndege. Alikuya na miguu."

Mu koridoo majani ikasikika tena. Cha. Ilikuwa karibu na mulango ya chumba.

Uoga ya Chama ikageuka kasirani, ni vile anakuwaka. Akapita mu saloni, akasimama mbele ya ndugu yake. "Ngosa, ulileta bibi ao ulileta kilio? Huyu mwanamuke aende leo. Akienda, kintu yake itamufwata, weye utabakia mu maisha."

Sabira hakubisha. Akatosha valize chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo. "Iko na haki," akasema. "Alinifwata miye. Nikitoka, atatoka."

"Weka chini," Ngosa akasema. "Nilingoya naye jua kushuka. Hata hii nitangoya naye." Akasimama kwa kumukamata mukono, lakini hakumufikia. Akaanguka pale mu mulango ya chumba, na mu kinywa yake mukatoka mayi nyeusi, na mu ile mayi jani moja, ile ile jani.

Chama akakimbia kutafuta telefone, kuita Kasenga.

Muzee Symphorien akafika na basi ya asubui, harufu ya samaki ingali mu koti yake. Akakatala chakula. Akamuinamia Ngosa ku matela, godoro yenye balimulazia mu saloni, akamunusa kichwa. Kisha akamugeukia Sabira na heshima.

"Mama, bwana yako wa kwanza alikufa?"

"Ndiyo, baba."

"Nani alikutosha lufu?"

Sabira hakuelewa. Chama yeye akaelewa, mikono yake ikapanda ku kinywa. Ba Mulenga akaangalia chini.

"Tulizania muzungu hanaka," Chama akasema.

"Hana nini?" muzee akamuuliza. "Hana bwana? Hana machozi?"

"Basi umutoshe, muzee," ba Mulenga akasema. "Ulimutosha Ngosa."

"Ngosa tulimutosha kwa sababu mufu alikuwa mutoto wetu. Kamba inafunguliwa na mwenye alifunga. Familia ya huyu bwana iko wapi?"

"Banaume bote balikufa," Sabira akasema. "Kunabakia mama yake, mama Zumra. Lakini baba, yeye hasemake kama Ramo alikufa. Tangu ile siku hafungake mulango na funguo. Anasema mutoto akirudi asikute nyumba imefungwa."

Muzee akatikisa kichwa muda murefu. "Kumbe njo vile. Kule hajakufa, huku hajaachiliwa. Sasa alale wapi?" Akaangalia Ngosa. "Mwiteni yule mama mu telefone. Jua ikishuka naye hajasema ninakuachilia, muniite tena kwa kuzika huyu."

Telefone ikaita, na uso ya mama muzee ikatokea, kitambaa nyeupe ku kichwa, macho ya kukauka. Sabira akamuambia mu luga yao. Yule mama akasikiliza, kisha akasema neno fupi.

"Anakataa," Sabira akasema. "Anasema mutoto wake iko mu njia."

Ba Mulenga akachukua telefone mu mikono yake. Hakusoma, hata jina yake haandikake, na luga ya kule alikuwa anaisikia mara ya kwanza. Akasema mu Kiswahili yake, na Sabira alikuwa anageuza.

"Mama Zumra, miye Mulenga. Nilikuwa na mutoto mwingine, Elisée. Aliingia mu shimo ya kuchimba mawe, udongo ikamuangukia, hatukupata mwili yake. Miye pia nilikatala kulia. Nilikuwa ninamuwekea chakula. Mpaka bakubwa bakaniambia, Mulenga, ule mutoto iko inje na njala kwa sababu yako. Tukakata kisiki ya mugomba, tukaivalisha shati yake, tukaizika. Iliniuma kupita siku yenye nilimuzala. Lakini alilala, mama. Wako iko inje. Iko hapa kwangu. Miguu yake inalowana."

Mbele yule mama ajibu, kuran ikakatika tena, na majani ikaanza mu koridoo, cha, cha, lakini sasa haikungoya, ilikuwa inakuya, muguu moja ikikuya nyuma, inapita ku jikoni, inapita ku meza, na harufu ya musitu ikajaa mu saloni mpaka mishumaa yenye Chama aliwasha karibu na Ngosa ikaanza kulia mafuta, na ku simenti, mbele ya macho yao bote, pasipo mutu, muguu ya matope ikaandikwa, kisha ingine, kisha ingine, mpaka ku matela ya Ngosa, na matela ikashuka upande moja kama wakati mutu anaikala ku kitanda ya bibi yake, na Ngosa akaacha kupumua.

"Mama," Sabira akasema mu telefone, mu luga yao, na hata bale benye habakujua luga balielewa. "Mama."

Mama Zumra aliona. Telefone ilikuwa inaangalia pale. Aliona ile miguu, na mama anajua muguu ya mutoto wake.

Akasema polepole, na Sabira akageuza na machozi: "Ramo alikufa. Mwana wangu alikufa. Baliniulia ye mu musitu. Sabira, ninakuachilia. Ule mama wa pale, mukono yake ni mukono yangu. Ramo, toka pale. Kuya kwangu."

Ba Mulenga akapaka Sabira mupemba ku paji na ku mikono. Akafunga ushanga mweupe. Matela ikapanda. Ngosa akavuta pumzi, akakohoa, akaomba bukari.

Ile jioni bakakata kisiki ya mugomba, bakaifunga mu shuka nyeupe, bakaizika nyuma ya nyumba, mu lupango. Mama Zumra alikuwa anasoma maneno ya dini yao mu telefone. Mbele ya kufunika, ba Mulenga akaingia mu nyumba, akarudi na biatu ya Ngosa, ile yenye fundi alitia chini semele ya pneu, mupira ya gurudumu ya motokari.

"Mama, ni biatu yake ya kazi," Chama akasema.

"Atanunua ingine. Huyu alikuya miguu tupu. Nitamurudisha vile vile?" Akaitia mu kaburi.

Matope haikuonekana tena. Ngosa akaanza kunona, Chama akaanza kumuita Sabira mulamu, wifi yake, hata kumuchokoza mbele ya bateja, ni vile anapendaka batu.

Kisha siku moja, bakiwa ku meza, mama Zumra akaita. Akageuza telefone, akaonyesha mulango ya nyumba yake. Kule ilikuwa inanyesha. Ku simenti ya kulowana mulikuwa vumbi ya kukauka, nyekundu, nyekundu ya kwetu, na alama ya biatu inaingia ndani. Ba Mulenga akasogeza uso karibu. Ilikuwa mistari ya pneu, ile ya biatu ya Ngosa.

"Mulango anaufunga sasa?" akauliza.

Sabira akageuza ulizo, akageuza jibu. "Anasema, tangu jana anaufunga. Na funguo."

"Yule mama anaishi na nani?" Chama akauliza chini-chini.

"Peke yake."

Nyuma ya mama Zumra, mu ile nyumba, kiti ikavutwa ku meza. Yeye hakugeuka. Alicheka kidogo, kama mama mwenye kuwa na mugeni, akasema neno moja, na telefone ikakatika.

Bakangoya Sabira ageuze. Alikamata ushanga yake ku mukono kwanza.

"Anasema: Ramo anakula muzuri."

Ba Mulenga akavuta sahani ya Ngosa, akamuongezea bukari.