Vifundo vya Mtaalamu

Kila mchana nyanya zilinyauka. Jioni ziliinuka kidogo, na kesho yake zikanyauka tena. Bustani hiyo ya nyuma ya nyumba ndiyo iliyoilisha familia, kwa hiyo mke alikosa raha.

Mumewe hakuwa na wasiwasi. Mtaani walimwita Mtaalamu, maana hakukosa jibu hata siku moja.

"Ni jua tu, mama watoto," alisema. "Nimeng'oa mche mmoja nikautazama. Mizizi ina vifundo tele, kama ya maharage. Udongo ule una rutuba. Ndiyo maana nimeutumia kuotesha miche mipya."

Siku hiyo mdogo wa mke, ambaye ni bibi shamba, mshauri wa wakulima, alikuja kuwatembelea.

"Shemeji, hebu nionyeshe hiyo rutuba yako," alisema.

Bustanini aling'oa shina la maharage na la nyanya, akashika mizizi yake.

"Tazama. Kifundo cha maharage kinabanduka kwa kidole. Hicho ni rafiki, kinarutubisha udongo. Cha nyanya hakibanduki, kwa sababu ni mzizi wenyewe umevimba. Ndani mna minyoo midogo mno, macho hayaioni. Inaunyonya mmea, na maji hayapandi."

Kisha akapasua shina la nyanya. Ndani lilikuwa la kahawia.

"Na huu ni ukungu wa udongoni. Minyoo ikitoboa mzizi, ukungu nao huingia bila hodi."

Mke alikwenda kitaluni, akang'oa mche mmoja, akauosha. Vifundo vilikuwepo, vidogo kama punje za mtama.

"Hata miche hii?" Machozi yalimlengalenga.

"Hata hii, dada. Ukiipanda, unapanda na minyoo."

Mtaalamu aliona aibu. Aling'oa nyanya zote pamoja na mizizi yake, akazichoma pamoja na miche. Jembe aliliosha. Pale walipanda vitunguu. Hawakupanda bilinganya wala pilipili, kwani minyoo huzishambulia pia. Miche mingine waliiotesha upande wa pili wa nyumba, kwa mbegu inayostahimili minyoo. Udongo wa kitalu waliutia samadi iliyooza vizuri, wakaufunika kwa nailoni, ukapikwa na jua kwa wiki kadhaa kabla ya kusia mbegu.

Msimu uliofuata nyanya za upande huo zilisimama mchana kutwa, na mke akauza hadi akachoka kuchuma.

Jirani akaja. "Mtaalamu, nyanya zangu zinanyauka mchana. Ni jua, sivyo?"

"Sijui," alijibu Mtaalamu. "Twende tung'oe mche mmoja, tutazame mizizi."