Sirili Anapiga Kutoka Kilema

Jirani yetu Leodegar alikuwa mtu wa mitambo, hakuamini mizimu wala nuksi. Mwaka 2003 alitunza seva ya kampuni ndogo ya intaneti pale Njoro, mjini Moshi. Mteja akipiga simu kwa modemu, mashine hiyo humuuliza jina na nywila, ikiridhika humfungulia. Mchana mmoja wa Julai, ukungu umeumeza mlima, Elisaria wa mapokezi akachungulia.

"Kaka Leo, wateja hawaingii. Laini zote zimeshikwa."

"Nenda ukale, naangalia."

Akafungua kumbukumbu za seva, zinazoandika kila anayebisha hodi. Laini zote zilishikwa na jina moja, likikataliwa, likirudi. Sirili.

Sirili alikuwa kaka yake mkubwa. Alimdhulumu Leodegar sehemu ya kihamba, shamba la migomba la baba yao, kisha akajuta, akamtumia jani la isale lililofungwa fundo. Mchagga akiletewa isale husamehe, hata kama moyo unachemka. Jani lile halikataliwi. Leodegar alilifungia kwenye droo ya ofisini, hakujibu neno. Kwaresima ile Sirili akafa, akazikwa kijijini Kilema, juu mlimani, migombani. Leodegar hakupanda kwenda kuzika. Tangu hapo ndugu walimkwepa, akawa anakula jioni peke yake na redio. Upweke ulimtafuna, ila ubishi ulimzidi.

"Kuna mtu anachezea jina la marehemu," alijisemea. Akalifuta kwenye orodha ya wateja. Likarudi kubisha.

Akawasha ufuatiliaji wa kina, unaoonyesha namba inayopiga na nywila inayojaribiwa. Namba ilikuwa ya nyumbani kwa Sirili, Kilema. Nyumba ile ilikuwa imefungwa. Waya wake wa simu uliibwa tangu Pasaka.

Nywila zikaanza kushuka kwenye kioo.

"nisamehe". Imekataliwa.

"nisamehe". Imekataliwa.

Aliogopa, lakini aibu ilimzidi hofu, maana mlango uliokuwa ukimfukuza kaka yake ulikuwa wake. Machozi yakamtoka. Akaliandikisha upya jina la Sirili, na penye nywila akaandika neno lile lile.

"Ingia, kaka," akanong'ona.

Imekubaliwa.

Laini zote zikaachia. Ukaja mstari mmoja tu: Sirili ameunganishwa. Namba inayopiga haikuwa ya Kilema tena. Ilikuwa ya simu ya pale mezani, karibu na kiwiko chake.

Hakugeuka. Nyuma yake, kiti cha wageni kikalia, kikatulia.

Elisaria aliporudi alisimama mlangoni.

"Wateja wanaingia, kaka. Ila huyo mgeni wako katokea wapi na tope lote hili? Huku chini hakujanyesha."

Leodegar alitoa ufunguo mfukoni, akafungua droo. Jani la isale, lililokauka humo kwa miezi, lilikuwa bichi, lina umande. Na fundo lilikuwa limefunguliwa.