Mgeni wa Nne Maabara

Redio ya Motorola ilikoroma ndani ya koti la Séraphin, ikimwita kwa jina lake la siri.

"Mwewe. Kamata bageni bote bane. Mbele ya saa sita."

Akaizima. Idara yake ya ujasusi ilijua jambo moja tu: kati ya wanafunzi wanne wa kigeni katika chuo cha madini pale Likasi, mmoja alitumwa kulipua laini ya umeme inayotoka bwawa la Koni. Yupi, hakuna aliyejua. Séraphin alijua jambo la pili: mwaka ule, Zaire ikimeguka, wakiingizwa wanne kwenye selo za idara hatoki hata mmoja. Akaenda chuoni.

Mkuu wa chuo, Mathilde, mama asiyepepesa macho, alikiri kwamba wanne hao waliandikishwa harakaharaka, kwa diploma tu, bila kutahiniwa. Wakubwa walitaka wageni, wakapata wageni.

"Basi, mama, bapatie examen sasa hivi," Séraphin akasema.

Kila diploma ilidai miaka miwili ya maabara. Mwongo angejianika mwenyewe.

Chupa nne za asidi kali zikawekwa mezani, wageni wanne wakaitwa maabara. Amri ilikuwa fupi: ipunguzeni nguvu kwa maji.

Séraphin alisimama nyuma yao, koti jeupe la msaidizi, bastola ya Walther PPK kwapani.

Rolly alimimina asidi kidogokidogo ndani ya maji. Sawa. Yunus vilevile. Jenny, binti wa Ndola, alianza sawa, kisha gilasi ikamponyoka, ikapasuka.

Germain akainua jagi la maji juu ya asidi.

Asidi ingemlipukia usoni. Aliyewahi kukanyaga maabara hathubutu.

Séraphin akamdaka mkono. Germain akachomoa Makarov. Kiwiko kooni, goti tumboni, bastola ikaserereka chini ya meza. Pingu. Ndani ya mkoba wake, chini ya vitabu, baruti. Séraphin akawasha redio.

"Mwewe hapa. Ni moya tu. Bale batatu ni banafunzi."

Redio ikakoroma.

"Baachie."

Séraphin akashusha pumzi. Lakini Mathilde alikuwa amemgeukia Jenny: ataanza upya, darasa la maandalizi. Séraphin akajaribu kumtetea. Binti ameponea chupuchupu, leo asamehewe.

"Papa Séraphin, weye ulitumika kazi yako. Achia miye nitumike yangu."

Jenny akapangusa machozi.

"Masomo inaanza lini, mama?"

"Sasa."

Séraphin akamshika Germain kola, akashuka naye ngazi bila haraka.