Waya wa Chumba cha Kasuku

Jumapili ya tarehe 10 Juni 2007 ilianza kwa utulivu. Naitaja tarehe kwa kuwa wanaokisimulia kisa hiki mitaani hukivuruga, ilhali mimi nilikuwapo. Kaka yangu, fundi wa redio na televisheni, alikuwa sakafuni sebuleni, kompyuta yake i wazi mbele yake kama kuku aliyekwisha kunyonyolewa.

Binti yake, tuliyemwita Kasuku kwa wingi wa maneno, alirekodiwa mwezi Januari katika mdahalo wa shule. Machi tukamzika. Mdahalo ule ulikuwa uonyeshwe alasiri hiyo, na nyumba nzima haikuwa na picha nyingine ya mtoto yule akisema. Kituo cha televisheni kilikuwa na chaneli nne, wala hakikutangaza ni ipi. Kaka akachomeka kwenye kompyuta kadi nne za kunasia televisheni, zote zikilishwa na waya mmoja wa antena, kila moja irekodi chaneli yake.

"Waya mmoja, kadi nne!" nikamtania. "Ng'ombe mmoja ndama wanne, kaka. Hapo maziwa hakuna."

"Karani, baki na mihuri yako."

Lakini chaneli zote zilijaa chenga. Kaka hakushangaa, waya ukigawanywa, nguvu hupungua. Akachomoa kadi moja. Chenga. Akachomoa ya pili na ya tatu, akauunga waya moja kwa moja kwenye ile iliyobaki. Chenga zile zile. Akaupima waya kwa kipimo chake, akakunja uso.

"Kuna anayevuta," akasema. "Kabla waya haujafika hapa."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. "Baba Kasuku," akanong'ona, "mwache."

"Nimwache nani?"



Kaka akaufuata waya ukutani hadi kwenye kiungo alichokifunga mwenyewe zamani. Tawi moja lilikwenda chumba cha Kasuku. Chumba hicho hakikufunguliwa tangu mazishi, na televisheni ya mle ilikwisha kuondolewa. Tukafungua. Ncha ya waya ilikuwa kitandani, juu ya mto, haikuungwa na chochote. Waya mtupu hauvuti nguvu namna ile. Fundi yeyote analijua hilo.

Mto ulikuwa umebonyea.

Kaka akaugusa. Akarudisha mkono upesi.

"Una joto."

Shemeji akamshika bega. Kaka akamsukuma. Hakuwa na muda, wala hakuwahi kuwa mtu wa kuambiwa. Akatoa koleo. Akakata.

Sebuleni picha ikang'aa. Akazirejesha kadi zote, na zote zikang'aa. Tukaketi.

Mdahalo ukaanza. Vifungo vya mashati vilionekana kimoja kimoja. Wanafunzi walikaa safu moja, na katikati yao palikuwa na kiti kitupu. Mwongozaji akakigeukia kiti kile. Akauliza swali. Kimya. Akaitikia kwa kichwa kama anayesikiliza. Ukumbi ukacheka. Wakapiga makofi.

Kiti kitupu.

Kaka akapiga magoti mbele ya kioo cha kompyuta. Hakulia. Baada ya kipindi jirani akaja, machozi yakimlengalenga, kutuambia jinsi alivyomwona mtoto kwenye televisheni yake: "Alikuwa akiongea kama chiriku, jamani! Mungu amrehemu."

"Nilikwambia umwache atazame," shemeji akasema. Ndilo neno la mwisho alilomwambia mumewe. Tarehe 2 Julai alirudi kwao, na kaka yangu hakumfuata. Angemfuata na uso gani?

Jioni ile ile ya Jumapili kaka alifungua rekodi, akitumaini zimenasa walau sauti. Kadi zilikuwa nne. Rekodi zilikuwa tano.

Ya tano ni fupi, na haina chenga hata moja. Imepigwa kutoka usawa wa mto. Anaonekana kaka, ameinama, koleo mkononi. Nyuma yake nipo mimi, mlangoni. Kisha sauti, karibu mno, ya mtoto anayejizuia asilie:

"Baba, usikate. Zamu yangu bado."