Wiki Tatu Bila Sauti

"Wiki tatu," daktari alisema huku akivua glavu. "Hakuna kuongea, hakuna kunong'ona. Ukilazimisha sauti kabla kidonda cha koo hakijapona, hutaimba tena."

"Daktari, tuna tamasha Jumamosi ijayo!" Dada Mkubwa alidakia.

"Tangazeni limeahirishwa, mama."

Mgonjwa mwenyewe alikaa kitandani na wigi lake la rangi ya waridi, akiitikia kwa kichwa tu. Mashabiki walimwita Kinyonga, maana kila wimbo mpya alitoka na nywele za rangi mpya: kijani, zambarau, bluu ya kuumiza macho. Alianza kwa kuimba kwenye harusi za watu, amevaa gauni alilolikata kwenye pazia la mama yake, na akachapwa kwa sababu ya hilo pazia. Miaka kumi baadaye, hakuna redio iliyomaliza siku bila wimbo wake.

Tangu enzi za harusi, mitambo yake ya muziki ilifungwa na Fundi. Kazi ikazaa mapenzi, mapenzi yakazaa uchumba wa miaka minne. Kisha miezi minane iliyopita Dada Mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa meneja, akamletea habari.

"Fundi wako kapata mwingine. Kaniambia mwenyewe. Msahau."

Kinyonga alilia siku mbili, akabadilisha rangi ya nywele, akaingia studio. Simu hakuigusa. Ilikaa kwa dada siku zote.

"Msanii mkubwa hapokei simu mwenyewe," ndivyo alivyozoeshwa.

Sasa, bila sauti, ilibidi arudishiwe simu ili awaandikie watu. Mchana wa siku ya tatu, amejilaza kwenye kochi, akatafuta jina la Fundi. Halikuwepo. Namba aliijua kwa kichwa. Alipoiandika, akakuta imeblokiwa, na meseji za zamani ziko palepale, zimetoka kwenye simu yake mwenyewe:

"Nimepata mtu wa hadhi yangu. Usinitafute."

Fundi alikuwa amejibu: "Niambie kwa mdomo wako, nitaondoka."

Hakuna aliyemjibu.

Njia ya mwongo ni fupi. Kinyonga akaifungulia ile namba, akaandika:

"Ni mimi. Zile meseji sikuandika mimi."

Jibu halikukawia: "Shemeji, nimeshakujua. Kama ni yeye kweli, apige nisikie sauti yake."

"Siwezi. Nimefanyiwa upasuaji wa koo."

"Asubuhi nimemsikia redioni anacheka. Acheni kunichezea."

Redio ilikuwa imerudia mahojiano ya mwezi uliopita. Sasa aeleze vipi, na nani aamini? Akavua wigi, akajitanda mtandio, akachukua daftari, akatoka.

Karakana ya Fundi ilijaa spika zilizofumuliwa matumbo. Mwenyewe alikuwa ameinama juu ya waya na chuma cha moto mkononi. Alipoinua uso, hata karibu hakusema.

"Miezi minane. Nimekuja kwenu mara mbili, mlinzi akanirudisha getini kama mwizi wa kuku. Leo umekumbuka nini?"

Kinyonga akaandika: "Niliambiwa umepata mwingine."

"Ukaamini?"

Akaandika polepole: "Nikaamini. Kuja kukuuliza niliona ni kujishusha."

Fundi alisoma, akamrudishia daftari.

"Hilo angalau ni la kweli. Lakini maandishi yenu yamenichosha. Nenda nyumbani."

Akageukia spika yake. Kinyonga akamshika bega, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Fundi aliruka. Kiganja chake kikamziba mdomo kabla neno halijatoka.

"Una wazimu? Uue sauti kwa ajili yangu?"

Akaitikia kwa kichwa. Machozi yakamlowesha Fundi vidole.

"Kaa chini," Fundi alisema, ukali umemwishia. "Mimi nitaongea, wewe utanyamaza. Hii bahati sijawahi kuipata tangu nikujue."

Kinyonga akacheka bila sauti, mabega tu yakiruka.

Jioni ile alimwekea Dada Mkubwa simu mezani, zile meseji zikiwa wazi.

"Nilikuwa nakulinda," dada alisema. Alipoona hatazamwi, akaongeza: "Ungeolewa ukaacha muziki. Mimi niliacha kazi yangu kwa ajili yako, mdogo wangu. Ningebaki na nini?"

"Ungeniambia hivyo, ningekusikiliza," Kinyonga aliandika. "Kuanzia leo kazi zangu ziache."

Dada Mkubwa alisoma mara mbili, akachukua mkoba wake, akaondoka.

Sauti ilirudi, ila nzito. Zile noti za juu zilizomjengea jina hazikurudi. Fundi akakaa naye wiki nzima wakizishusha nyimbo ziendane na sauti hiyo, moja baada ya nyingine. Tamasha likafanyika, ukumbi ukajaa nusu. Wapo walionung'unika, wapo waliosema sasa ndiyo anaimba. Kinyonga alilia kidogo nyuma ya jukwaa, kesho yake akaenda mazoezini.

Wiki moja kabla ya harusi yake na Fundi, simu iliita. Akaipokea mwenyewe.

"Nimesikia mnaoana," Dada Mkubwa alisema. "Sijui kama nina haki ya kuuliza. Nikija, nije kama nani?"

"Bado nina hasira na wewe," Kinyonga alimjibu kwa ile sauti yake mpya. "Lakini njoo mapema, unisaidie kuvaa. Njoo kama dada. Meneja nimeshapata."