Alama Nyuma ya Kiti cha Dereva

Kioo ndicho kilichoanza. Kile kidogo cha ndani, cha kumwonyesha dereva mambo ya nyuma yake. Nunow alikuwa amekikaza mwenyewe kwa bisibisi, akakiweka sawa na macho yake, akaenda kuswali adhuhuri. Aliporudi alikuta kimeinama. Hakikuonyesha tena dirisha la nyuma. Kilionyesha kiti cha nyuma, pale katikati, panapokaa mtu mmoja akiwa peke yake.

"Skrubu imechoka," akajiambia, akakaza tena. Kesho yake kikawa vilevile. Hakujali. Mtu aliyefufua gari la mwaka sitini na nane kutoka kwenye samadi ya mbuzi hatishwi na skrubu.

Na alikuwa amelifufua kweli, hilo tumpe haki yake. Pijo 404 lile lilikuwa la marehemu baba wa rafiki yake Abdow, na kwa miaka mingi lilioza nyuma ya nyumba ya Abdow, mbuzi wanalala ndani na watoto wanalichezea. Nunow alilitamani tangu utotoni. Siku Abdow alipomwambia, "Walaal, ndugu yangu, lichukue, ni lako," alidhani anataniwa. Wawili hao walisoma madrasa moja, wakala sahani moja, wakaoa mwaka mmoja. Ungemuuliza Nunow ana ndugu wangapi, angemhesabu Abdow wa kwanza.

Basi asubuhi Nunow alikuwa mtu wa ofisi ya maji, shati limepigwa pasi. Jioni alikuwa amelala chini ya gari kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yake pale mtaa wa Waberi, Garissa, grisi mpaka masikioni. Mkewe Maryan aliwaambia majirani kwamba ameletewa mke mwenza, na mke mwenza huyo ana magurudumu manne. Kabureta iliagizwa Nairobi, ikaja isiyo yenyewe, Nunow akaichonga mpaka ikakubali. Gia ile ya kwenye usukani ilimtoa jasho na matusi. Na siku injini iliponguruma kwa mara ya kwanza, alikaa ndani akalia, wala hakuona haya.

Viti alivishona upya kwa ngozi ya ng'ombe. Kazi ilipokamilika Abdow alikuja kutazama. Akalizunguka gari, akalisifu, lakini alipokaribishwa kuketi alisema ana haraka.

"Hujalitia alama," akasema. "Chako ni kile chenye alama yako. Lete chuma chenu."

Nunow alicheka, ila wazo lilimpendeza. Chuma cha ukoo, kile walichowachomea ngamia wao alama tangu enzi za babu, kilikuwa kinaning'inia stoo. Wakawasha makaa. Chuma kilipokuwa chekundu, Nunow akakibandika nyuma ya mgongo wa kiti cha dereva, ngozi ikafuka moshi, harufu ikajaa kibandani. Abdow alisimama mbali mpaka moshi ukaisha, kisha akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua gunia. Nunow aliiona pumzi ile, na hakuuliza kitu.

Kioo kilianza kuinama wiki hiyohiyo. Baadaye ikaja harufu. Si usiku, la. Ilikuja katikati ya mchana, saa ambazo Garissa nzima imejifungia ndani kukimbia jua na hata punda wamenyamaza. Harufu ya ngozi inayoungua, mbichi kabisa, kana kwamba chuma kimebandikwa sasa hivi. Nunow alitoka akaenda kibandani. Milango ilikuwa imefungwa, vioo vimepandishwa, hakuna moto popote. Alipoegemea boneti alisikia springi za kiti cha nyuma zikilia taratibu, kwi, kwi, kisha zikatulia, kama mtu aliyejisogeza ili akae vizuri.

Siku nyingine harufu ilipokuja, Nunow alimkuta binti yake Hani ndani. Alikuwa na miaka minane, mtoto mwenye maneno mengi na meno ya mbele mawili hayapo. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma, pembeni kabisa, amebanana na mlango. Ndani mle kulikuwa na joto la kuchemsha chai, na mtoto hakuwa na tone la jasho.

"Hani, toka. Utakufa humo."

"Aabo, usifunge mlango," Hani akasema polepole. "Bado anaingia."

"Nani?"

"Huyu. Ananijua. Alijua jina langu kabla sijamwambia."

Nunow alimvuta nje kwa mkono, akaubamiza mlango, akataka kucheka ili mtoto asiogope, lakini hakucheka, kwa sababu kwenye ngozi ya kiti kile, pale katikati ambapo hapakuwa na mtu, aliona bonde la makalio likiinuka taratibu na kujaa, kisha bonde jingine likazama karibu na mlango, upande uleule alipokuwa amekaa Hani, halafu kile kioo kidogo kikageuka chenyewe, bila mkono, kikamtafuta mtoto kwenye dirisha mpaka kikampata.

Tangu siku hiyo Hani aliacha maneno. Shingo yake ikageukia bega la kushoto ikabaki hapo, kama anayenong'onezwa na mtu aliye nyuma yake. Alikula akiwa hivyo, alilala akiwa hivyo. Masheikh walikuja wakamsomea. Shingo ikanyooka wakati wa kusoma, na walipofika langoni kuondoka ikarudi begani. Maryan alilia mpaka sauti ikakauka. Lakini Nunow hakulia. Alikuwa anaitazama shingo ile, na moyo wake unamwambia kitu ambacho hakutaka kukisikia. Shingo hiyo aliwahi kuiona.

Ramla, binti wa Abdow, alikuwa hivyohivyo. Karibu miaka miwili mtoto yule alitembea ameangalia bega la kushoto, hospitali hazikuona kitu, na Nunow mwenyewe alikesha naye zamu kwa zamu kama baba wa pili. Alipopona ghafla, Nunow ndiye aliyechinja mbuzi wa shukrani. Akampongeza Abdow, na Abdow, kwa furaha, akampa gari.

Nunow alimpigia simu. "Walaal, Ramla mlimtibu wapi?"

Abdow akasema, "Ni Mungu tu. Hatukwenda popote." Akakata.

Maryan alikuwa anasikiliza. "Mwongo," akanong'ona. "Mkewe aliniambia walikwenda Hagadera, kule kambini. Kwa mwanamke anayeuza ubani sokoni. Weris."

Wakaenda na Pijo, kwa kuwa Hani alipopandishwa gari jingine alipiga kelele mpaka akazimia. Njia nzima Maryan alikaa mbele amefumba macho, na Nunow aliendesha bila kutazama kioo. Walipoingia soko la Hagadera punda wa mikokoteni walianza kuhangaika, mmoja akakata kamba akatimka na mzigo wa kuni. Mwanamke wa makamo, mwenye simu mbili na ulimi mkali, aliinuka nyuma ya mafungu yake ya ubani akanyoosha mkono.

"Simamisha hapohapo. Hilo gari nalijua."

"Unalijuaje?" Nunow akauliza.

"Nililijaza mimi." Weris alimwangalia Hani, akajifunika mdomo kwa shungi. Aliposema tena, sauti ilikuwa chini. "Jini huyu nilimtoa kwa mtoto wa Abdow nikamtia ndani ya gari, kwa sababu mtoto alilipenda. Nikamwambia Abdow, livute mpaka nyikani, uliache. Jini atakuuliza aende wapi. Mtajie kisima kilichokauka, hata akikutisha, usimtaje mtu."

"Hakulipeleka nyikani. Alinipa mimi."

"Kukupa tu hakutoshi. Jini haingii kwenye nyumba ya watu bila idhini. Nani aliweka alama?"

Nunow alikitazama kiti cha dereva. Alisema, "Mimi. Kwa mkono wangu."

"Kwa akili yako?"

Nunow aliikumbuka ile pumzi ya Abdow, na kwamba wazo la chuma lilikuwa lake.

Weris akamweleza lililobaki, na lilikuwa fupi. Aliyemtuma jini ndiye wa kumrudisha. Abdow atie alama yake juu ya ile ya Nunow, kwa hiari yake, alichukue gari, na safari hii akitaje kisima. Hakuna mwingine wa kuifanya kazi hiyo.

Abdow alikuwa na duka la dawa za mifugo mjini. Aliposikia mngurumo wa Pijo alitoka mlangoni, akamwona Hani dirishani na shingo yake, akageuka kijivu. Ramla alikuwa ndani anapanga chupa. Alikuja mbio akamsalimu Nunow, kisha akaona gari na furaha ikamtoka usoni.

"Adeer, bado yumo?" akauliza kwa sauti ndogo. "Mimi nilimwambia aabo ataje kisima. Akamtaja Hani."

Hapo ndipo Nunow alipojua yote. Alikuwa amejiambia njia nzima kwamba Abdow alikosea, kwamba aliona uvivu wa kwenda nyikani, kwamba hakuamini mambo ya majini. Kumbe alifungua kinywa akalitaja jina la mtoto ambaye yeye mwenyewe alimkogesha, akamnunulia viatu vya Idi, mtoto aliyemwita adeer, baba mdogo.

"Kisima hakikuitika," Abdow akasema, machozi yanamtoka. "Nilikitaja. Jini akacheka, akamkaba Ramla mbele yangu. Nikataja jina la kwanza lililonijia, wallahi, la kwanza tu."

"La kwanza," Nunow akasema. "Na chuma je? Nacho kilikujia tu?"

Abdow aliinamisha kichwa.

Chuma cha ukoo wa Abdow kilikuwa kinaning'inia ukutani dukani, juu ya makopo ya dawa ya kupe. Nunow alikishika. Alitaka kumpiga nacho, na angempiga, lakini Ramla alikuwa amesimama katikati yao, shingo yake imenyooka vizuri. Nunow akakitupa chuma miguuni pa Abdow. Hasira ikamvunjika, akabaki mtu mwenye mtoto mgonjwa. Akasema asilopaswa kusema.

"Walaal, nakuomba. Maryan ana mimba. Changa, hata mama yangu hajui, hata Hani hajui. Atamzaaje mtoto kwenye nyumba yenye kitu hiki? Kiondoe."

Abdow alimkumbatia akalia begani kwake. Akaapa. Akawasha makaa nyuma ya duka, akakibandika chuma chake juu ya alama ya Nunow, harufu ikatapakaa, akaingia garini akashika njia ya nyikani peke yake.

Alasiri ileile shingo ya Hani ilinyooka. Akaomba maji, akaomba chapati, akaanza maneno yake kama bomba lililozibuliwa. Jioni Abdow alishushwa na lori, mavumbi mwili mzima, akapita kwa Nunow.

"Nimekitaja kisima," akasema. "Kimeitika."

Aliyasema akiangalia viatu vyake. Nunow aliona, na akaamua kutoona, kwa sababu binti yake alikuwa anacheka ndani. Akampa mkono. Hata alilikumbuka gari lake likiwa peke yake kule nyikani na kabureta yake nzuri, akalihurumia.

Siku chache baadaye walikuwa wanakula chakula cha mchana mkekani. Hani alijisogeza pembeni, akaacha nafasi kati yake na mama yake, nafasi ya mtu mmoja.

"Hooyo," akasema, "mtoto aliye tumboni mtamwita nani?"

Maryan aliliacha tonge. "Nani amekuambia nina mtoto tumboni?"

"Yeye wa kwenye gari. Siku aliponiaga. Amesema adeer Abdow hakulijua jina lake, alisema tu, wa tumboni kwa Maryan. Kwa hiyo hawezi kumchukua bado." Hani alitafuna, akameza. "Amesema atangoja mpaka mumpe jina."

Nunow alikwenda dukani kwa Abdow mchana uleule. Lilikuwa limefungwa. Nyumba imehamwa, mkewe, Ramla, vyombo, hata mbuzi. Wengine walisema wamekwenda Nairobi, wengine wakasema wamevuka mpaka. Na Weris, alipopigiwa, alisema neno moja tu, kwamba bila Abdow yeye hana la kufanya, kisha hakuipokea simu tena.

Mtoto alizaliwa, wa kiume, mzima, mnene. Siku ya saba watu walikuja, mbuzi akachinjwa, mtoto akanyolewa. Mjomba mmoja akauliza, "Haya, tumwite nani?" Nunow akafungua kinywa. Maryan akakiziba kwa kiganja chake mbele ya wageni wote, na watu wakaangaliana.

Sasa mtoto anatembea. Pale Waberi wanasema wazazi wake wamerukwa na akili, maana wanamwita "wewe" na "huyu" na "mdogo wake Hani". Kliniki walikataa kumwandika bila jina, wakarudi naye nyumbani. Hani ameonywa asimpe hata jina la utani, naye haonywi mara mbili, kwa sababu anajua kuliko wote.

Adhuhuri watu wanapojifungia, harufu ya ngozi inayoungua huingia chini ya mlango. Kisha unasikika mngurumo wa injini ambayo Nunow angeitambua hata akiwa kaburini, unazima langoni, na mtu anabisha taratibu. Sauti ni ya Abdow, ileile ya utotoni, yenye upole na kilio ndani yake.

"Walaal," inasema. "Mmempa jina gani?"

Nunow hukaa nyuma ya mlango, mtoto mapajani, mkono wake kwenye midomo ya mtoto. Hajui kama ni jini aliyejifunza sauti ya rafiki yake, au ni Abdow mwenyewe ametumwa. Akijiuliza sana, huona kwamba kwake yeye hakuna tofauti, na hafungui.